Hilux LN106 imeingia maji: fyuzi ya TAIL inakatika, betri inalala. Nianzie wapi?

Pickup_Ngaramtoni

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoujua umeme wa magari ya zamani. Gari ni Toyota Hilux LN106 ya 1995, dizeli 3L, 12V, betri moja N70 (kama 70Ah). Wiki mbili zilizopita lilizimikia kwenye maji ya masika hapa Arusha, maji yakafika usawa wa viti na yakakaa humo karibu saa nzima. Oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zote zimeshabadilishwa, injini inawaka vizuri. Umeme ndio umebaki.

Kwanza, nikiwasha taa ndogo, fyuzi ya TAIL ya 15A inakatika papo hapo. Pili, nikikanyaga breki usiku, indiketa ya nyuma kulia inawaka kwa mwanga hafifu na mshale wa kulia kwenye dashi unamemeta. Tatu, gari likilala siku mbili, stata haizungushi kabisa.

Fundi aliyelitazama anataka kuweka fyuzi ya 30A. Nimemzuia kwanza. Nina mita ya kawaida ya dijitali na spana. Natanguliza shukrani.

Ampea_Kumi

Mkuu, umefanya vema kumzuia. Piga hesabu: taa ndogo mbele 2, nyuma 2, za namba 2, kila moja 5W, ongeza vitaa vya dashi. Jumla haifiki 50W, yaani kama 4A tu. Fyuzi ya 15A imeachiwa nafasi kubwa, kwa hiyo ikikatika papo hapo ujue kuna waya unagusa bodi. Na fyuzi kazi yake ni kuulinda waya. Ukiweka 30A, kitakachoungua ni waya wenyewe, nao umefungwa fungu moja na wenzake nyuma ya dashi. Magari mengi huungua namna hiyo.

Leo hii chomoa hasi ya betri, usiirudishe mpaka usafi uishe. Hata gari likiwa limezimwa, kuna pini zenye umeme muda wote: saa, redio, taa ya ndani, honi, hazadi. Pini ya namna hiyo ikikaa kwenye unyevu wenye madini, umeme unaila. Inageuka kijani, siku chache tu inabaki unga. Ndiyo maana soketi mbili zilizolowa pamoja, moja utaikuta nzima na nyingine imekwisha.

Usitegemee kukausha peke yake. Maji yakikauka tope linabaki, na tope likipata unyevu wa asubuhi linarudi kupitisha umeme. Ng'oa viti na kapeti. Fungua vifuniko vya plastiki vya pembeni, pale miguuni kwa dereva na kwa abiria, maana mafungu ya waya yanapita humo chini kabisa. Kila soketi iliyofikiwa na maji ifungue, isuuze kwa maji safi (ndiyo, maji, hakuna kingine kinachotoa tope vizuri), ipulize kwa upepo wa kompresa ya fundi tairi, kisha ipige kontakti klina (dawa ya kupuliza ya kusafishia pini za umeme) au spiriti ya asilimia 90 kwenda juu. Acha wazi siku nzima ya jua. Kwa baridi ya Arusha wakati wa masika weka siku mbili, au tumia mashine ya kukaushia nywele kwa moto wa chini, kwa sababu plastiki ya miaka thelathini inapasuka haraka. Petroli usiingize kabisa ndani ya kabini.

Sasa shoti yenyewe. Usiendelee kuunguza fyuzi moja baada ya nyingine. Chukua balbu ya 21W, ya indiketa inatosha, unganisha nyaya mbili na uzichomeke kwenye matundu ya fyuzi ya TAIL badala ya fyuzi. Balbu hiyo haipitishi zaidi ya 1.75A, kwa hiyo hata shoti iwe kali kiasi gani, waya hauungui. Toa balbu zote ndogo za mbele, za nyuma na za namba. Rudisha betri, washa taa ndogo. Balbu ya majaribio ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Ukipata mwanga hafifu tu, hivyo ni vitaa vya dashi, viache.

Iache ikiwaka, kisha kata njia nusu kwa nusu. Anza na soketi ya fungu linaloingia kwenye chesisi kwenda nyuma. Ukiichomoa na balbu ikafifia, shoti ipo nyuma. Isipofifia, ipo mbele au ndani ya dashi. Ikiwa ni nyuma, irudishe, uende ukichomoa kimoja kimoja: taa ya kushoto, taa ya kulia, taa ya namba, soketi ya trela. Mahali balbu itakapofifia ndipo ugonjwa ulipo. Kama vyote vimechomolewa na bado inawaka, pita na mkono juu ya fungu la waya ukilitikisatikisa, hasa linapovuka vyuma vya chesisi karibu na tairi la akiba. Mwenzako akae mbele aiangalie balbu. Ikipepesa, simamisha mkono hapo hapo.

Mimi ningeanza kuishuku soketi ya trela. Inakaa chini kabisa na mfuniko wake hauzuii tope.

Pasua_Spea

Naongeza kutoka Moshi. Hiyo ya breki kuwasha indiketa haihusiani na shoti, ni athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi) ya taa ya nyuma kulia imekufa. Ndani ya taa moja, breki, taa ndogo na indiketa zinatumia waya mmoja wa athi, kwa Toyota za miaka hiyo ni mweupe wenye mstari mweusi. Ukikatika au ukiota kutu, umeme wa breki unakosa njia ya kurudi. Unaingia kwenye uzi wa indiketa, unakwenda mpaka indiketa ya mbele na mshale wa dashi, unapata athi huko. Ndiyo maana vinameta visivyopaswa kumeta.

Pima hivi: mita kwenye 20V DC, waya mweusi kwenye kichwa cha hasi cha betri (urefushe kwa waya wowote), mwekundu kwenye pini ya athi ya taa ya nyuma, mtu akanyage breki. Chini ya 0.2V ni salama. Ukiona 0.5V au zaidi, athi ni mbaya. Usipime kwa omu. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tu utasoma vizuri kwenye omu, lakini ukibeba mzigo unashindwa.

Kuitibu: fungua boliti, piga msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, weka washa yenye meno, kaza, halafu ndipo upake grisi kwa juu. Kwenye pikapu usiishie kwenye bodi la nyuma, maana limefungwa juu ya rangi na kutu. Vuta waya wa 2.5mm² kutoka athi ya taa mpaka chesisi. Kagua na waya mnene wa athi kati ya injini, chesisi na kabini.

Na waya wa kuungia ununue wa gari, wenye nyuzi nyingi. Ule wa nyumba wa 1.5 wenye uzi mmoja, barabara ya vumbi ikiutikisa miezi michache unakatika ndani na kwa nje huoni kitu.

Dada_Wa_Relei

Kaka, kabla hujapima betri inayolala, angalizo moja. Ukiweka mita kati ya hasi ya betri na waya wake, usiguse ufunguo kabisa. Hita plagi (vipasha moto vya silinda) za 3L zinavuta makumi ya ampea, fyuzi ya ndani ya mita itakufa hapo hapo. Waya mwekundu wa mita uhamishie tundu la 10A, zima kila kitu, na swichi ya mlango ibane ili taa ya ndani isiwake. Subiri dakika tano, soma. Gari kama lako halitakiwi kuzidi 0.05A. Kisha toa fyuzi moja moja, uandike namba inavyoshuka.

Kuhusu WD-40 ambayo wengi wataitaja: inasukuma maji, kwa hilo ni nzuri, lakini ukiiacha humo inakamata vumbi. Ifuatishe na kontakti klina. Baada ya kukauka, grisi kidogo ya silikoni kwenye mpira wa soketi inatosha.

Pickup_Ngaramtoni

Wakuu, majibu ya leo.

Shoti: ni soketi ya trela kweli. Nilipoichomoa balbu ilififia papo hapo. Ndani imejaa tope kavu gumu kama chungu, pini mbili zimeungana kwa ukoko wa kijani. Lakini waya wake nimeumenya, shaba ni nyeusi tii badala ya nyekundu, kama sentimita 12 kwenda ndani. Nikate wote?

Athi ya kulia: 3.1V nikikanyaga breki. Baada ya kusafisha na kuvuta waya mpya, 0.06V. Indiketa imetulia.

Betri: inavuta 0.9A gari likiwa limezimwa. Nimetoa fyuzi zote moja moja, namba haijashuka hata kidogo. Hapo nimekwama.

Ampea_Kumi

Kata wote. Maji yanapanda ndani ya ganda kati ya nyuzi za shaba kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, kwa hiyo weusi unafika mbali kuliko tope lenyewe. Risasi ya kuungia waya haishiki shaba nyeusi, hata ukiibana kwa klipu kuna upinzani na pataota joto. Rudi nyuma mpaka shaba ing'ae, ndipo uunge. Maungio yasikae usawa mmoja, yaachanishe kwa sentimita 4 au 5, uyavishe hitishrinki (mipira inayosinyaa kwa joto) zenye gundi ndani. Tepu nyeusi peke yake inaachia kwa joto na kukusanya maji. Kama huvuti trela, ziba ncha kila moja peke yake na uachane na soketi.

0.9A kwa saa 48 ni 43Ah. N70 ambayo haikuwa imejaa imekwisha. Na kama fyuzi zote zimetoka namba haijashuka, umeme unapita kabla ya fyuzi: alteneta (inayochaji betri), stata, au waya mnene wenyewe. Kesho alfajiri, kabla ya kuwasha gari, shika alteneta kwa kiganja. Injini itakuwa baridi. Alteneta ikiwa na uvuguvugu, dayodi zake (zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu) zinavuja.

Kuthibitisha: chomoa betri kwanza (usisahau, waya wa B, ule mnene wa alteneta kwenda betri, una umeme muda wote na hauna swichi), fungua nati ya B nyuma ya alteneta, funga kichwa cha waya kwa tepu kisiguse chuma, rudisha betri kupitia mita. Ikishuka chini ya 0.05A, umempata.

Pickup_Ngaramtoni

Ilikuwa vuguvugu. Nimefungua B, mita inasoma 0.02A.

Pasua_Spea

Basi badilisha daraja la dayodi, na ukishaifungua cheki na brashi, maana tope lililoingia humo linasaga. Mwambie fundi awe makini: nyuma ya alteneta ya 3L kuna pampu ya vakiumu ya breki inayolainishwa na oili ya injini. Mipira yake ya oili ifungwe ncha zisiingie uchafu, na sili ya pampu iangaliwe, la sivyo oili itaingia kwenye alteneta iliyotengenezwa. Gari lisisogee kabla mpira wa vakiumu haujarudi, breki zitakuwa ngumu kama jiwe.

Ikirudi, washa injini, taa kubwa zikiwa zimewaka, pandisha kidogo mwendo wa injini, pima betri: 13.8 hadi 14.4V DC. Kisha hamisha mita kwenye AC, hapo hapo kwenye betri. Ikizidi 0.5V AC, dayodi mojawapo bado mbovu, mrudishie kabla hujalipa. Na asikuchomolee betri injini ikiwa inaunguruma ili kupima alteneta, volti zinaruka ghafla na dayodi mpya zinakufa hapo hapo.

Kabla ya haya yote chaji betri polepole, 5 au 6A, usiku kucha. Iache saa chache, ipime. Ikisoma chini ya 12.4V wakati imejaa chaji, kulala mara nyingi kumeshaiharibu.