Mtoto mmoja ofisi nne, nashika wapi?

MamaShela: Salaam jamani. Nalea mtoto wa dadangu hapa Malindi, miaka 9, ana mtindio wa ubongo na kifafa juu yake. Kila ofisi naanza hadithi upya, hospitali wanamjua kivyao, shule kivyao, afisa wa watoto hana habari kabisa. Mwafanyaje wenzangu?

BintiMambrui: Pole dada. Mimi nina faili moja ya plastiki, dawa, barua, cheti cha kuzaliwa, vyote kopi, na popote niendapo nawaambia waandike walichosema leo halafu wagonge muhuri. Wananuna lakini yasaidia wallahi.

Ami_Juma: Ashasajiliwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu? Anzia hapo, na ukiwa hapo uliza Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya kusaidia wasiojiweza, ulemavu mkali ni shilingi 2,000 kwa mwezi, si pesa ila nauli ya tuktuk itatoka. Shule wakisema hakuna nafasi mpeleke EARC, kile kituo cha kupima mahitaji ya masomo ya watoto wenye ulemavu, apimwe.

BintiMambrui: Na muombe afisa wa watoto awaite wote siku moja. Kwangu daktari hakuja, alituma nesi, na nesi ndiye aliyejua kila kitu 😂

MamaShela: Hiyo sikuifikiria. Jumatatu naenda.