Mkutano mkuu wa kijiji usipoitwa, mwananchi aidai nini serikali yake?

Jembe Jipya: Wakuu, viongozi wa vijiji Tanzania walichaguliwa Novemba 27, 2024. Sheria Na. 7 ya 1982, ile ya serikali za mitaa (mamlaka za wilaya), inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, watu wasomewe mapato na matumizi. Kuna vijiji mwaka unakatika bila mkutano hata mmoja. Mimi nasema deni la kwanza la serikali kwa mwananchi ni hesabu. Zahanati na barabara zifuate.

Nyundo: Mikutano inaitwa, watu hawaji. Wakisikia hakuna posho wala soda wanabaki kijiweni. Akidi, ile idadi inayotakiwa ili mkutano ukae, haitimii. Mtendaji wa kijiji afanyeje?

BintiRufiji: Nyundo, hilo la soda ni matusi. Unaita mkutano Jumanne saa nne asubuhi msimu wa palizi, tangazo limetoka jana yake jioni, halafu unalaumu watu? Bandika tangazo wiki moja kabla, andika ajenda, mpiga mbiu apite kila kitongoji, kwepa siku ya gulio. Ajenda ikiwa mapato na matumizi, watu watakuja. Ikiwa "maelekezo kutoka wilayani" tu, waache walime.

Nyundo: Usinilishe maneno, sijamtukana mtu. Nimesema posho imeharibu watu, na hilo unalijua. Semina zote zimewazoesha kusaini na kulipwa.

Maji Kwanza: Mnagombania soda wakati watu wanachota maji kwenye lambo na ng'ombe. Serikali ilete maji, karatasi baadaye.

Jembe Jipya: Maji Kwanza, hiyo pampu ikiungua, mfuko wa maji una shilingi ngapi? Kama hakuna anayejua, mtarudi lambo hilo hilo.

Karani wa Kata: Nyundo amegusa kusaini, na hapo ndipo penye hatari kuliko soda. Karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa, tarehe na ajenda inaweza kuambatishwa kwenye muhtasari wa mkutano wowote. Umesaini kupokea mbegu, kesho sahihi yako inathibitisha kwamba uliridhia ardhi ya kijiji igawiwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie kwanza. Ardhi ikihawilishwa, yaani ikiondolewa kwenye ardhi ya kijiji na kuwa ya aina nyingine, na haizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri anaamua. Kwa hiyo anayetaka ardhi yenu anatafuta muhtasari na sahihi. Msisaini karatasi tupu. Pigeni mstari chini ya jina la mwisho, andikeni idadi kwa tarakimu na kwa maneno, na muhtasari usomwe mkutano unaofuata kabla ya jambo lolote.

Nyundo: Sasa umehamia ardhi. Na unawafanya watendaji wote wezi.

Karani wa Kata: Sijasema wezi. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, anahamishwa wakati wowote. Akiondoka bila hati ya makabidhiano, vitabu vya stakabadhi na daftari la fedha havionekani tena, na anayekuja anasema "mimi sikuwepo". Hata aliye mwaminifu anaacha shimo hapo.

BintiRufiji: Na mwenyekiti aliyechaguliwa anakuwa wapi? Makabidhiano yafanyike mbele ya halmashauri ya kijiji, wale wajumbe 15 hadi 25. Hawakuchaguliwa kuwa mapambo.

Jembe Jipya: Karani, mkutano usipoitwa kabisa, hatua ni ipi?

Karani wa Kata: Barua, nakala mbili. Usiandike "naomba taarifa za kijiji", utajibiwa porojo. Taja nyaraka: muhtasari wa mkutano mkuu wa mwisho na mahudhurio yake, taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka, stakabadhi za benki. Nakala yako igongwe mhuri na tarehe ya kupokelewa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku zisizozidi 30. Zikipita, peleka kwa mkurugenzi wa halmashauri ukiambatisha nakala yenye mhuri. Bila mhuri watasema hawakuipata.

Nyundo: Na mhuri anao mtendaji huyo huyo. Akikataa kugonga?

Karani wa Kata: Itume kwa rejista ya posta, utunze risiti.