Ndugu ana skizofrenia: kipimo cha jeni kitasaidia?

Mkaazi wa Wete: Asalaam aleikum. Kijana wa miaka 17, kaka yake ana skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo). Sasa ameanza kusikia minong'ono, na skuli ameshuka. Je, kuna kipimo cha damu cha kuthibitisha?

Muuguzi, Unguja: Waalaykum salaam. Hakuna. Kwa watu wote hatari ya kuugua ni kama 1 kwa 100; mwenye ndugu wa tumbo moja mgonjwa ni kama 9 au 10. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua, zaidi ya nusu ya wenzao hawaugui. Jeni zinazohusika ni nyingi mno, kila moja inachangia kidogo. Vipimo vya kujumlisha jeni hizo na kutoa alama ya hatari vimetungwa hasa kwa damu za Wazungu, kwetu hukosea zaidi. Usilipie.

Daktari: Naongeza: ipo tofauti moja. Kipande kikikosekana kwenye kromosomu (fungu la jeni) ya 22, mtu 1 kati ya 4 hupata saikosisi (kupotewa na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo). Muulize mama: kijana alizaliwa na tundu la moyo? Kaakaa lililopasuka? Kalsiamu ikishuka akapata degedege? Yakiwepo, hapo kipimo kina maana.

Lakini hiyo minong'ono na kushuka skuli visingoje jeni. Mpelekeni hospitali ya Chake Chake au ile ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja, na mwandike dalili zilianza lini, zinarudi mara ngapi, analala saa ngapi. Wenye dalili hafifu kama hizi, wengi hawafiki saikosisi kamili. Na bangi aiache kabisa.

Mkaazi wa Wete: Na mganga?

Muuguzi, Unguja: Kisomo hakizuii kliniki. Kumfunga na kumpiga, hapana.