Naomba ushauri: nimeagiza santuri ya Bonnie Pointer, wimbo ninaoutaka haumo

Mtoto_wa_Fundi: Wakuu salaam. Mzee wangu anafikisha miaka 70 mwezi ujao, nikataka kumpa santuri yenye "Heaven Must Have Sent You". Akiosha gari lazima aupige mluzi. Nimeagiza mtandaoni, imefika juzi: jina Bonnie Pointer, picha yake, ila wimbo haumo! Nimegeuza pande zote mbili. Muuzaji ananijibu, "Uliomba Bonnie Pointer, nimekuletea Bonnie Pointer." Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Sindano Butu: Hujapigwa mkuu. Alipowaacha dada zake wa kundi la Pointer Sisters 1977 akaenda kampuni ya muziki ya Motown, akatoa albamu mbili, 1978 na 1979, na zote zikaitwa Bonnie Pointer. Sijui nani alipitisha hilo. Wimbo wa mzee uko kwenye ya 1978. Hiyo yako ina "I Can't Help Myself"?

Mtoto_wa_Fundi: Inayo. Na "Jimmy Mack".

Sindano Butu: Basi ndiyo ya 1979, nyimbo za Motown za miaka ya 60 zimepikwa upya kidisko. Usiitupe, inachezeka.

Kaka Mkubwa: Mimi huyu dada sijamsamehe. Walianza wawili tu Oakland, yeye na mdogo wake June, watoto wa mchungaji. "Fairytale" aliyoandika na dada yao Anita ikawapa tuzo ya Grammy ya muziki wa kantri, watu weusi, miaka ile! Halafu anaondoka. Waliobaki watatu wakatoa "Fire", ikafika namba 2 Marekani.

Bi Shuwari: Kwani aliondoka akalale? Huo wimbo wa mzee ulifika namba 11 hukohuko Marekani, tena akiwa peke yake. Tumjibu mwenye uzi jamani. Kabla hujatoa hela nyingine, jua mzee anapenda upi. Wa kwenye albamu ni mfupi. Ule mrefu wa disko uko kwenye santuri ya wimbo mmoja, ya inchi 12, ya 1979. Ukikosea hapo utarudi na uzi mwingine.

Mtoto_wa_Fundi: Nitajuaje bila kumwuliza? Atashtuka.

Bi Shuwari: Muulize mama yako.

Mtoto_wa_Fundi: Mrejesho: bi mkubwa anasema mluzi unaanzia kwenye boneti, mpaka ukome yuko kwenye buti anakausha.

Sindano Butu: Inchi 12 hiyo. Agiza.