Wasimamizi wa sava, acheni kutuambia "weka filta"!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Nipo kwenye mitandao hii inayoendeshwa na wanajamii wenyewe, kama Mastodon, ambako kila sava (kompyuta inayobeba akaunti za watu) ina msimamizi wake na huwasiliana na sava nyingine, tangu Novemba 2022, mwezi mmoja baada ya Elon Musk kuinunua Twitter, na sina mpango wa kurudi kule kwa kampuni kubwa. Huku hakuna matangazo wala algoriti ya kunichagulia cha kusoma. Msimamizi ni mtu kama mimi, anajitolea, na kila mwezi namchangia gharama za sava. Ndiyo maana nina uchungu.

Mdogo wangu alifariki kwa ajali ya barabarani. Tangu hapo siwezi kutazama picha za ajali. Nikiiona moja tu, siku yangu imeharibika. Sasa kuna akaunti ya sava jirani inarusha picha za maiti karibu kila siku, waziwazi, bila onyo, bila kufunikwa, hata maelezo ya picha haiweki. Watu wa kwetu wanazisambaza, zinanifikia. Nimeripoti mara tatu. Jibu ni lilelile: "Weka filta," yaani nitege mwenyewe maneno, posti yenye neno hilo ifichwe nisiione.

Nikakaa usiku kuweka filta. Mnaodhani ni kazi ya dakika mbili, nisikilizeni. Niliandika "kufa", nikawasha kile kipengele cha neno zima, kinachonasa neno likisimama peke yake tu. Kesho yake "amekufa" na "waliokufa" zikapita kama kawaida, maana kwa mashine hayo ni maneno mengine kabisa. Nikakizima. Balaa! Kila posti yenye "kufanya", "kufahamu" au "kufaulu" ikatoweka. Rafiki yangu aliandika kumpongeza mwanawe kwa kufaulu mtihani, mimi sikuiona wiki nzima, akadhani nimemnunia. Nikaongeza "wafu", ikameza "wafuasi". "Ua" sikuthubutu hata kuigusa, imo ndani ya jua na mvua. Na bado watu wanaandika "ametutoka", "wameaga dunia", "wamepoteza maisha". Kiswahili kinabeba mtenda, wakati na tendo ndani ya neno moja, halafu mtu ananiambia nitege maneno mojamoja!

Tena hata ningepata orodha kamili, filta inasoma maandishi. Picha iliyowekwa tupu haina neno la kunaswa, inaingia moja kwa moja hadi machoni. Na ili nijue neno gani niongeze, lazima kwanza nikione kile ninachokimbia.

Mtasema nimbloku. Nilimbloku, akafungua akaunti nyingine palepale, kwa sababu usajili wa sava ile uko wazi na mlangoni hakuna mtu. Mtasema niibloku sava nzima. Nikifanya hivyo wafuasi wangu wote wa kule wanakatika, na kule ndiko liliko kundi la watu waliofiwa na ndugu zao, watu walionishika mkono nilipokuwa hoi. Kwa hiyo anayetupa picha za maiti abaki, mimi ndiye nihame?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba msimamizi zana anazo. Kwenye Mastodon anaweza kulazimisha picha zote za akaunti fulani zifunikwe. Anaweza kukataa picha na video kutoka sava fulani huku maandishi yakiendelea kupita. Anaweza kuiwekea mipaka ile sava, posti zake zisitokee kwenye kurasa za umma, anayewafuata watu wa kule aendelee kuwasoma. Kuikata kabisa ndiyo hatua ya mwisho, na wala mimi siiombi. Naomba picha zifunikwe, basi.

Na hili la mlango kukosa mtu si jambo geni. Februari 2024 spamu ilipomiminika kutoka sava ndogo zilizotelekezwa huku usajili ukiwa wazi, watengenezaji wa Mastodon waliweka utaratibu: sava ikikaa wiki nzima bila msimamizi kuonekana, usajili unageuka kuwa wa kuidhinishwa. Waliona kwamba mahali pasipo na mtu, mzigo unamwangukia asiye na kosa. Kwetu msimamizi yupo, anaingia kila siku, anaposti picha za paka wake. Ripoti hazishughulikii.

Najua mnajitolea, mna kazi na familia. Simtaki mtu akeshe. Lakini ongezeni watu basi! Mimi mwenyewe niliandika kuomba nisaidie kusoma ripoti za Kiswahili, maana nadhani nyingi zinalala kwa kukosa wa kuzielewa. Huu mwezi wa pili, sijajibiwa hata "tumepokea".

Kama kuna msimamizi humu aliyewahi kuzuia picha za sava nyingine bila kuikata, aniambie alifanyaje ili nimpelekee wa kwetu hatua kwa hatua. Ripoti ya nne nimeituma leo asubuhi. Hadi naandika hapa, picha bado ipo.