Mnataka siri zetu, wakati zenu zinawavuja kila mwaka!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Juzi mtu ninayemheshimu, msomi, alinitazama usoni akaniambia kwa upole: "Serikali ikisoma meseji zako shida iko wapi, kama huna unachoficha?" Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo. Naomba nilijibu hapa, maana pale nilishikwa na donge nikashindwa kuongea.

Kwanza, hao tunaoambiwa tuwaamini wanadanganya. Tarehe 12 Machi 2013, Seneta Ron Wyden alimuuliza James Clapper, aliyekuwa mkuu wa idara zote za ujasusi za Marekani, mbele ya kamati ya Seneti: je, NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, inakusanya taarifa za aina yoyote kuhusu mamilioni ya Wamarekani? Akajibu hapana, si kwa makusudi. Haikuisha miezi mitatu, gazeti la The Guardian likachapisha amri ya mahakama ya siri iliyoitaka kampuni ya simu ya Verizon iikabidhi NSA kila siku rekodi za simu za wateja wake: nani kampigia nani, saa ngapi, wamezungumza muda gani. Clapper hakushtakiwa. Edward Snowden, mfanyakazi wa mkandarasi wa NSA aliyetoa nyaraka hizo akiwa na miaka 29, alifutiwa pasipoti, akafunguliwa mashtaka ya ujasusi, akaishia Urusi.

Kuna watakaosema hizo ni rekodi tu, hakuna aliyesikiliza maongezi. Ndugu yangu, ukijua mtu kampigia daktari wa saratani asubuhi, dakika tano baadaye kampigia mama yake, jioni kampigia mwanasheria wa mirathi, unataka kusikia nini tena? Jenerali Michael Hayden, aliyewahi kuongoza NSA na CIA pia, alisema hadharani mwaka 2014 kwamba wanaua watu kwa kutegemea metadata, yaani hizo hizo rekodi za nani kampigia nani na lini. Kwa hiyo wakati wa kututuliza sisi ni "rekodi tu", lakini wakati wa kurusha kombora zinatosha kabisa.

Na kwa yote hayo walizuia nini? Januari 2014, bodi ya Marekani yenyewe inayosimamia faragha na haki za raia ilitoa ripoti kwamba haikupata hata tukio moja ambapo ule mpango wa rekodi za simu ulileta tofauti ya maana katika uchunguzi wa ugaidi. Hata tukio moja! Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikasema sheria iliyotumika haikuruhusu ukusanyaji ule.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi. Tuchukulie wote waliomo humo ndani ni malaika. (Sio. Mkaguzi wa NSA aliandika mwaka 2013 kuhusu mtumishi ambaye siku yake ya kwanza kupewa ruhusa ya kutumia mfumo, alitafuta anwani sita za barua pepe za aliyekuwa mpenzi wake. Siku ya kwanza.) Lakini haya, tuseme ni malaika. Wanaweza kutunza walichokichukua?

Mwaka 2015 ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani ilikiri kwamba wadukuzi wameondoka na taarifa za watu milioni 21.5. Humo mlikuwa na fomu za uchunguzi wa usalama, zile ambazo mtu anaulizwa madeni yake, matibabu ya akili, dawa za kulevya, ndugu na marafiki. Watu walijibu ukweli kwa sababu waliahidiwa siri. Humo humo mlikuwa na alama za vidole za watu milioni 5.6. Neno la siri likiibiwa unabadilisha. Kidole utabadilishaje?

Halafu kuna kasoro ya Windows ambayo NSA iliijua, ikanyamaza, ikaigeuza silaha ya kudukulia wengine. Silaha hiyo ikawatoka. Aprili 2017 ikamwagwa mtandaoni, kila mhalifu akaichota. Mwezi uliofuata kikaja kirusi cha kompyuta cha kudai fidia, WannaCry, kilichoitumia, kompyuta zaidi ya 200,000 zikafungwa katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zikawa zinarudisha wagonjwa nyumbani. Mgonjwa aliyeahirishiwa upasuaji alikuwa anaficha nini?

Tukifika kwenye mlango wa uani ndipo napandwa kabisa. Kila mara tunaambiwa: tuwekeeni mlango mdogo tu kwenye mawasiliano, tutaingia kwa kibali cha mahakama, hakuna mwingine atakayepita. Huko Ugiriki, kati ya 2004 na 2005, watu wasiojulikana waliuwasha kwa siri mfumo wa kunasa simu uliokuwa ndani ya mitambo ya Vodafone, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya dola. Wakasikiliza simu zaidi ya 100, ikiwemo ya waziri mkuu Kostas Karamanlis. Miaka ishirini baadaye, 2024, wadukuzi ambao Marekani inasema wanafanya kazi kwa ajili ya China waliingia kwenye kampuni kubwa za simu za Marekani, wakafikia hata taarifa za unasaji ulioamriwa na mahakama. Desemba mwaka huo huo maofisa wa Marekani wakawashauri watu watumie meseji zilizosimbwa kutoka mtumaji hadi mpokeaji, yaani zisizosomeka na yeyote njiani, ulinzi ule ule ambao kwa miaka FBI ililalamika kwamba unawakwaza!

Mngedhani somo limeeleweka. Miezi miwili tu baadaye, Februari 2025, Apple ikaacha kuwapa watumiaji wapya wa Uingereza ulinzi wa juu kabisa wa nakala za data zao zinazohifadhiwa mtandaoni, baada ya kuripotiwa kwamba serikali imeitaka kwa amri ya siri ifungue njia.

Sisemi wahalifu wasichunguzwe. Mtaje mtu, eleza sababu, nenda kwa hakimu, chukua kibali, mchunguze huyo. Polisi walifanya kazi hivyo kabla hizi simu hazijazaliwa. Ninachokataa ni kutukusanya wote, wakweli na waongo, kisha kutulundika kwenye ghala moja ambalo mlinzi wake ameshaibiwa mara tatu na bado anaomba mzigo zaidi.

Kwa hiyo anayetetea jambo hili aje hapa, asinitukane, anijibu swali moja: zile alama za vidole milioni 5.6 ziko mikononi mwa nani sasa hivi?