Mpaka wa Burundi na Rwanda umefungwa: je, tumpeleke mama kwa binti yake Nyamirambo?

Mkazi wa Buyenzi (swali)

Assalaam alaykum, na heri kwenu nyote. Ninaishi Buyenzi, Bujumbura, pamoja na mama yetu ambaye umri umemwendea sana. Dada yangu mkubwa ameolewa Nyamirambo, Kigali. Zamani safari ya kwake haikuhitaji mashauriano yoyote: basi liliondoka asubuhi, likapanda Bugarama na Kayanza, tukavuka mpaka pale Kanyaru, tukala Huye, na kabla ya magharibi tulikuwa tumekwisha kufika. Tangu serikali yetu ilipofunga mipaka ya nchi kavu na Rwanda, tarehe 11 Januari 2024, mama hajamwona binti yake, na sasa anatuomba tumpeleke kabla nguvu hazijamwishia kabisa.

Kaka zangu wanakataa. Wanasema kuzunguka kupitia Tanzania kutamchosha, na kwamba majirani wakijua tumetoka Kigali watatutilia shaka, hasa baada ya Rais Ndayishimiye kuiambia BBC, mwezi Machi 2025, kwamba Rwanda ina mpango wa kuishambulia Burundi, maneno ambayo Kigali ilisema imeyashangaa. Hata simu ya dada siku hizi tunaipokelea chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Juzi mwanangu aliniuliza kama mama mkubwa wake naye ni adui, nikakosa la kumjibu. Ninawaomba ninyi mlio pande zote mbili mniambie: je, safari hii inawezekana kwa mtu mzima kama yeye, na ninyi mnaishije na jambo hili majumbani mwenu?

Mfanyabiashara wa Ngara

Wa alaykumu s-salaam, dada yangu. Safari inawezekana, ila msiifanye kwa siku moja. Kutoka Bujumbura mtapita Gitega na Muyinga hadi Kobero, mvuke kuingia Kabanga ambako tayari ni wilaya yetu ya Ngara, kisha mshike barabara ya Benaco hadi Rusumo, mvuke daraja, na kutoka hapo ni Kibungo hadi Kigali. Laleni Ngara. Mama apumzike, ale chakula cha moto, na asubuhi mmalizie. Kobero na Rusumo kote maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi pamoja mahali pamoja, jambo ambalo humpunguzia mtu mzima usumbufu wa kusimama kwenye foleni mara mbili.

Chukueni pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na dawa za mama za kutosha siku nyingi kuliko mnazokusudia kukaa, kwa sababu mipaka hii haina ahadi. Upande wenu mafuta ni ya shida, hivyo ulizieni basi mapema na msishangae likichelewa. Mkiulizwa mnakokwenda, semeni ukweli mtupu kwamba mnakwenda kumwona binti wa mama huyu, kwa sababu anayebabaika mbele ya ofisa ndiye anayewekwa kando. Kabla ya kukata tiketi, nendeni uhamiaji Bujumbura mkaulize taratibu za wiki hiyo.

Sisi watu wa Ngara tunaliangalia jambo hili kwa uchungu wa pekee. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja hilo la Rusumo ndani ya takribani saa 24, na Benaco, iliyokuwa mahali pa kupita tu, ikageuka kambi. Mzazi wangu hadi leo akisikia redio ikitaja wanajeshi mpakani huacha alichokuwa akifanya.

Mkazi wa Gatumba

Dada, ninamheshimu mama yako, lakini nisingependa mjadala huu uendelee kana kwamba mpaka ulifungwa bila sababu. Tarehe 22 Desemba 2023 watu wenye silaha waliingia Vugizo, karibu nasi hapa, wakaua watu wapatao ishirini, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Kundi la waasi wa Burundi liitwalo RED-Tabara lilikiri kuhusika, na serikali yetu ikasema kundi hilo linasaidiwa na Rwanda. Anayeishi mbali na Gatumba anaweza kuliona jambo hili kuwa ugomvi wa wakubwa, lakini sisi tulizika. Mpelekeni mama, simkatazi mtu kumwona mzazi au mwana, ila kaka zako nao msiwaone kuwa waoga.

Mwalimu, Huye

Ndugu wa Gatumba, poleni sana kwa msiba huo. Haupaswi kupunguzwa uzito na mtu yeyote. Ninaongeza tu kwamba Kigali ilikanusha kulisaidia kundi hilo, na kwa upande wake inailaumu serikali ya Burundi kwa kushirikiana na FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walioko Kongo, huku majeshi ya nchi hizi mbili yakijikuta pande zinazopingana katika vita vya Kivu, mashariki mwa Kongo. Kila upande una makaburi yake na ushahidi wake, na mwananchi wa kawaida hana njia ya kuyapima madai hayo kutoka sebuleni kwake. Kwa hiyo darasani kwangu nimeshika kanuni moja: tunasema "serikali ya Burundi" au "serikali ya Rwanda" tunapozungumzia maamuzi, na hatusemi "Warundi" wala "Wanyarwanda" kana kwamba watu wote ni mtu mmoja. Mjibu mwanao hivyo, dada. Mwambie serikali mbili zimegombana, na mama mkubwa si serikali. Mtoto huelewa tofauti hiyo upesi kuliko sisi.

Mpaka huu tumeuzoea kufungika. Baada ya machafuko ya Burundi ya 2015 njia zilizibana, mwaka 2016 Bujumbura ikazuia vyakula kuletwa kwetu, na ulipofunguliwa tena mwaka 2022 haikutimia miaka miwili ukafungwa. Wanawake waliokuwa wakileta ndagala, yaani dagaa, za Ziwa Tanganyika katika soko letu walipoteza mitaji yao kila mara, na hakuna aliyewafidia. Wakati huohuo umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, unagawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania bila mtu kuuliza taa inawaka kwa nani. Ninalitaja hilo kwa sababu linanionyesha kwamba viongozi wetu wakitaka kukaa meza moja wanaweza.

Mama wa Uvira, sasa yuko Burundi

Mimi nitasema la tahadhari, kwa kuwa sisi tulichelewa. Marais wa Kongo na Rwanda walitia saini mapatano ya amani Washington tarehe 4 Desemba 2025, tukashangilia, na siku chache baadaye waasi wa M23 walikuwa wameingia Uvira, mji wetu wa Kongo ulio jirani na Burundi, nasi maelfu kwa maelfu tuko njiani kuelekea Burundi. Wengi walivuka bila cheti cha ndoa wala cha kuzaliwa cha mtoto, na bila hivyo kujiandikisha na kumrudisha mtoto shuleni ni mateso.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hamjasafiri, wekeni nakala za vyeti vyote kwa dada yako na nyingine mbaki nazo. Kubalianeni ni nyumba ya nani mtakutana ikiwa simu hazipatikani. Tena amueni mapema kwamba mama akikuta njia zimefungwa nyuma yake atabaki Nyamirambo kwa binti yake, na mumwulize mwenyewe kama analikubali hilo. Mtu mzima akiamuliwa na watoto bila kuulizwa huumia kuliko kwa safari yoyote. Kuhusu majirani, waageni. Anayeaga mchana hadharani hana la kutafutiwa.

Mkazi wa Buyenzi

Mungu awalipe kheri. Nimewasomea kaka zangu majibu yote, hata la ndugu wa Gatumba, na mkubwa wetu amelegea kidogo. Sasa sharti lake ni kwamba asafiri naye mwenyewe hadi Ngara. Mama nimemwuliza kama alivyoagiza mama wa Uvira, naye amejibu kwamba akikwama Nyamirambo atakuwa amekwama kwa mwanawe. Wiki ijayo tunakwenda uhamiaji. Kaka wa Ngara, nitakuomba unielekeze nyumba ya kulala wageni isiyo na ngazi, kwa sababu magoti ya mama hayapandi tena.